Usukani unatetemeka nikikanyaga breki, wiki tano baada ya kufunga matairi mapya

Safari_Ndefu

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada wa kutafuta chanzo kabla sijaanza kununua vipuri kwa kubahatisha.

Gari ni saluni ndogo inayovutwa na magurudumu ya mbele. Mbele ina diski, nyuma ina dramu, ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki) ipo. Matairi manne mapya, 195/65R15, yalifungwa na kubalansiwa wiki tisa zilizopita, na tangu hapo gari limetembea kama kilomita 4,000. Mwezi wa kwanza halikuwa na shida yoyote. Kuanzia wiki ya tano hivi, nikikanyaga breki nikiwa kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa, usukani unacheza kushoto na kulia na pedali inasukuma mguu kidogo. Mwendo ukipungua mtikisiko nao unakuwa wa polepole, na chini ya 40 sihisi kitu. Nisipogusa breki gari limetulia hata kwenye 120. Kila wiki hali inazidi kidogo.

Waliofunga matairi wamebalansi upya mara mbili, hakuna kilichobadilika. Fundi mmoja anasema diski zimepinda kwa joto, nibadilishe diski na pedi. Mwingine anasema matairi yenyewe ni mabovu. Pedi zina unene wa milimita 7 hivi. Nina jeki, stendi mbili na wili spana, na naweza kuazima spana ya torki, maikromita na geji ya saa. Nianzie wapi?

Fundi_Torki

Mkuu, umeeleza vizuri, na maelezo yako yenyewe yameshaondoa nusu ya washukiwa. Tairi lisilo na balansi halisubiri breki. Linatikisa gari kwa sababu ya mwendo, mara nyingi kati ya 80 na 110, ukikanyaga breki au usipokanyaga. Gari lako limetulia kwenye 120 mguu ukiwa mbali na pedali, kwa hiyo kubalansi mara ya tatu hakutakusaidia. Pedali kusukuma mguu ni dalili nzito zaidi: kitu kinazisukuma pedi zirudi nyuma, pistoni inarudisha mafuta ya breki kwenye mabomba, na wewe unayahisi mguuni. Tairi haliwezi kufanya hivyo.

Mtikisiko unaopungua kasi pamoja na gari maana yake umefungwa kwenye mzunguko wa gurudumu. Mzingo wa tairi la 195/65R15 ni karibu mita 2. Kwenye kilomita 90 kwa saa gari linakwenda mita 25 kwa sekunde, yaani gurudumu linazunguka mara 12 na nusu kila sekunde. Kwenye 36 linazunguka mara 5. Ingekuwa ABS inafanya kazi, ungesikia mikwaruzo ya haraka kwenye pedali pamoja na sauti ya pampu, na kasi yake isingefuata mwendo wa gari namna hiyo. Usukani ukicheza, tazama mbele kwanza. Kiti na sakafu vikitikisika huku usukani umetulia, tazama nyuma.

Sasa kwa nini baada ya wiki tano, si siku ileile? Hapa ndipo wengi hupotea, maana wanasema matairi yalifungwa zamani kwa hiyo hayahusiki. Yanahusika, ila kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Kinachotikisa gari wakati wa breki kwa kawaida si diski iliyopinda, ni diski ambayo unene wake haulingani. Tofauti ya unene ya milimita 0.02 inatosha kuihisi kwenye usukani. Tofauti hiyo hailetwi na mtu siku ya kufunga tairi. Inachongwa polepole na pedi zenyewe.

Inakuwa hivi. Ukiachia breki, hakuna springi kubwa inayozivuta pedi mbali na diski. Ni ile mpira ya pistoni tu, ikijinyoosha, inayoirudisha pistoni nyuma kidogo sana, kwa hiyo pedi inabaki karibu mno na diski. Diski ikiwa imekaa mshazari, kila mzunguko uso wake wa nje unagusa pedi ya nje mahali palepale, na upande wa pili wa duara uso wa ndani unagusa pedi ya ndani. Kilomita 4,000 kwa tairi lako ni mizunguko milioni 2. Kwa miguso milioni 2, chuma kinalika sehemu mbili zinazotazamana, na ndiyo maana mara nyingi mtikisiko unapiga mara mbili kwa kila mzunguko. Kinachoshangaza hapo ni kwamba breki zinaharibika wakati ambao huzitumii.

Basi swali linakuwa: nini kiliifanya diski ikae mshazari siku matairi yalipofungwa? Kuna mambo mawili, na mara nyingi yanakuja pamoja.

La kwanza ni nati kukazwa kwa bunduki ya upepo bila kipimo. Diski imebanwa kati ya rimu na habu, yaani kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Nati moja ikivutwa kwa Nm 180 (nyutoni-mita, kipimo cha torki, yaani nguvu ya kukaza) na jirani yake kwa 70, kitovu cha diski kinavutwa upande mmoja na ukingo wake unayumba. La pili ni kutu. Kwenye magari mengi ya aina yako diski haishikiliwi na chochote zaidi ya nati za gurudumu, au skrubu moja ndogo. Gurudumu likitolewa, diski inalegea na kuinama, chembe za kutu zinadondoka nyuma yake, kisha gurudumu linarudishwa na chembe zinabanwa humo. Hesabu yake ni rahisi: uchafu wa milimita 0.05, nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia, kwenye habu yenye kipenyo cha milimita 140, unakuwa karibu 0.09 ukifika ukingoni mwa diski ya 255. Viwanda vingi vinaruhusu 0.05 tu.

Anza na nati, kwa sababu haigharimu kitu na inakuambia mengi. Usiinue gari. Tia alama ya chaki inayovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Legeza nati hiyo moja robo mzunguko, kisha ikaze kwa spana ya torki mpaka ibofye. Alama zikikutana, ilikuwa sawa. Nati ikibofya kabla ya kufika kwenye alama, ilikuwa imekazwa kupita kiasi. Ikipita alama, ilikuwa imelegea. Fanya moja moja kwa kila gurudumu na uandike. Kipimo sahihi kiko kwenye kitabu cha gari: Toyota nyingi ndogo zenye stadi (zile bolti zilizosimama kwenye habu) za M12x1.5 ni Nm 103, Honda zenye stadi kama hizo ni 108, na Volkswagen zenye bolti za M14x1.5 ni 120. Usikisie. Na usipake mafuta wala grisi kwenye nyuzi za stadi, kwa sababu msuguano ukipungua, torki ileile inavuta stadi kwa nguvu kubwa zaidi na unaweza kuirefusha bila kujua.

Tuletee matokeo ya nati zote za mbele. Usinunue diski bado.

Leithi_na_Pedi

Nakubaliana na maelezo ya hapo juu, ila naona safari inaweza kufupishwa. Kwa kilomita 4,000 na hali inayozidi kila wiki, tofauti ya unene tayari imo kwenye diski. Kukaza nati upya hakutarudisha chuma kilicholika. Peleka diski zote mbili zikachongwe kwenye leithi (mashine ya kuchonga chuma kinachozunguka), nyuso mbili kwa wakati mmoja, fungisha, na mtikisiko utaisha siku hiyohiyo. Tazama tu maandishi yaliyopigwa kwenye kitovu au ukingo wa diski, MIN TH na namba, ndiyo unene wa mwisho unaoruhusiwa. Usichonge ukafika hapo, maana diski nyembamba haihifadhi joto la kutosha na inaweza kupasuka.

Fundi_Torki

Ndugu, mtikisiko utaisha siku hiyohiyo kweli, kisha utarudi baada ya kilomita elfu chache, kwa sababu diski iliyonyooka itarudishwa juu ya habu ileile yenye kutu na kubanwa na bunduki ileile. Leithi ina kazi yake, lakini inakuja baada ya kipimo. Na kuna jambo lingine: ikiwa habu yenyewe inayumba, diski iliyonyooka kwenye leithi ya mezani bado itayumba ikifungwa kwenye gari. Hapo inasaidia tu ile mashine ya kuchongea diski ikiwa juu ya gari, au kubadilisha habu na beringi.

Safari_Ndefu, ukishamaliza nati, vipimo vinakwenda hivi.

Weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, vuta breki ya mkono, inua upande mmoja wa mbele na uweke stendi. Weka gia huru. Kwa kuwa upande wa pili uko chini, difu itakuruhusu kuzungusha gurudumu lililo juu. Kabla ya kulitoa, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza au likitoa mlio wa kugonga, kuna beringi au bolijointi, na hapo vipimo vya diski havina maana mpaka hiyo iishe.

Toa gurudumu. Funga diski kwa nati zote, ukiweka washa bapa chini ya kila nati ili zibane diski, na uzikaze kwa torki sawa kwa mpangilio wa nyota. Bila hivyo diski itacheza yenyewe na utapima uongo. Futa kutu ya ukingoni, kisha simamisha geji ya saa kwa sumaku kwenye spindo au mguu wa shokapu, ncha yake iguse diski milimita 10 kutoka ukingoni. Zungusha taratibu mzunguko mzima, andika kiwango cha juu na cha chini. Tofauti yake ndiyo myumbo. Tia alama ya chaki mahali pa juu kabisa.

Halafu maikromita. Gawa duara mara nane, pima unene kila mahali, umbali uleule wa milimita 10 kutoka ukingoni. Usitumie venia: taya zake zinakalia mdomo wa kutu wa ukingoni, na kwa milimita 0.02 unayoitafuta haiaminiki. Tofauti kati ya unene mkubwa na mdogo ikifika 0.02, umepata mtikisiko wako.

Ukikuta myumbo mkubwa, toa diski, safisha, rudisha, pima tena. Usikimbilie hitimisho kwa kipimo cha kwanza.

Mizani_ya_Gurudumu

Niongeze upande wa matairi na miguu ya gari, kwa sababu atakayesoma huu uzi huko mbele huenda dalili zake zisiwe sawa na za mwuliza swali.

Mtikisiko ukianza ndani ya kilomita ya kwanza baada ya kutoka kufunga matairi, usifikirie unene wa diski hata kidogo. Simama, kagua nati. Nati zilizolegea zinatikisa, na gurudumu linaweza kutoka. Tazama pia aina ya kikalio cha nati. Rimu zenye kikalio cha koni, cha duara kama nusu mpira, na cha bapa chenye washa hazibadilishani nati. Honda za kiwandani zinatumia kikalio cha duara, Toyota nyingi zenye rimu za alumini zinatumia nati ndefu yenye washa bapa. Nati ya koni kwenye kikalio cha duara inashika kwenye mstari mwembamba tu, inahisi imekaza, halafu inalegea. Rimu zilizopakwa rangi nene kwenye vikalio au mgongoni nazo hulegea, rangi ikishabonyea.

Rimu zisizo za kiwandani zina tatizo la tundu la katikati. Habu ya Toyota nyingi ndogo ina kipenyo cha milimita 54.1, Honda 56.1 au 64.1, Nissan 60.1 au 66.1, Volkswagen nyingi 57.1. Rimu nyingi za sokoni zinatobolewa 73.1 ili ziingie kwenye gari lolote, kisha pengo linazibwa na pete ya plastiki au alumini. Mara nyingi pete hiyo inabaki kwenye tairi la zamani au inadondoka wakati wa kubadilisha matairi. Bila pete, gurudumu linashikwa katikati na nati peke yake, na gari likiwa limelalia tairi wakati nati zinakazwa, gurudumu halikai katikati ya habu. Mtikisiko huo upo hata bila breki, ila breki huuzidisha kwa sababu uzito unahamia mbele.

Na kwa kweli matairi mapya yanaweza kufichua ubovu uliokuwepo. Tairi lililokwisha limechakaa bila mpangilio, lina kelele na mitikisiko yake, dereva amezoea. Tairi jipya likatulia, ndipo mtikisiko mdogo wa breki unasikika. Katika hali hiyo bushi za loa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu kwenye fremu) ndizo za kukagua, hasa ile ya nyuma iliyo kubwa. Kazi yake ni kuzuia gurudumu lisirudi nyuma unapofunga breki. Ikipasuka, msukumo mdogo wa diski unaokubalika kabisa unakuzwa mpaka usukani mzima unacheza. Ingiza mtaimbo kati ya amu na fremu, sukuma mbele na nyuma, tazama kama mpira umeachana na chuma. Baadhi ya bushi zina kimiminika ndani. Ukiona mafuta meusi yamevuja juu ya amu, bushi hiyo imekwisha hata kama mpira wa nje unaonekana mzima. Tairodi endi nazo zishikwe kwa mkono na kutikiswa.

Kuhusu tairi lenyewe kuwa bovu: linawezekana, lakini lina ushahidi wake. Inua gurudumu, weka ncha ya kitu kisichosogea karibu na kashata za tairi, lizungushe. Kupanda na kushuka kukizidi milimita 1 hadi 1.5, kuna neno. Kagua mstari mwembamba wa mpira ulio karibu na ukingo wa rimu. Unatakiwa kuwa umbali sawa duara zima. Ukizama sehemu moja, tairi halijakaa kwenye rimu, lipakwe sabuni ya kufungia na kujazwa upya. Na upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa sababu matairi mapya mara nyingi huachwa na upepo mwingi uliotumika kuyakalisha kwenye rimu.

Jaribio la mwisho la kutenganisha: hamisha magurudumu ya mbele kwenda nyuma na ya nyuma kuja mbele, ukikaza kwa torki. Mtikisiko ukihamia kwenye kiti, umo kwenye tairi au rimu. Ukibaki kwenye usukani, umo kwenye breki, habu au miguu.

Safari_Ndefu

Asanteni sana wakuu. Nimefanya kama mlivyoelekeza, matokeo ndiyo haya.

Nati, kipimo cha kitabu Nm 103. Mbele kushoto: nati tatu zilibofya mbali kabla ya alama, moja ilipita alama kwa karibu robo mzunguko. Mbele kulia: zote nne zilikuwa zimekazwa kupita kiasi, lakini zinakaribiana.

Beringi na bolijointi hazichezi. Bushi za loa amu nzima, hazijaachana.

Diski ya kushoto: myumbo 0.12. Nimeitoa, nyuma yake kuzunguka stadi mbili kulikuwa na kutu iliyobanwa mpaka ikawa kama gamba. Nimesafisha habu na diski kwa brashi ya waya na msasa, nikapima tena: 0.04. Nikaisogeza stadi moja mbele: 0.03. Unene mkubwa 21.34, mdogo 21.31, na sehemu nyembamba ziko mbili, karibu kabisa zinatazamana. MIN TH 20.

Diski ya kulia: myumbo 0.04 baada ya kusafisha, tofauti ya unene 0.01.

Pedi za kushoto: ya ndani 5.5, ya nje 7. Za kulia zinalingana, 7 na 7. Sasa nichonge au ninunue?

Fundi_Torki

Mkuu, kipimo chako kinasimulia chote. Upande wa kushoto diski ilikaa mshazari kwa sababu ya gamba la kutu na nati zisizolingana, pedi zikaichonga sehemu mbili, tofauti ya unene ikafika 0.03. Kusafisha kumepunguza myumbo, lakini unene umeshapotea, kwa hiyo hapa ndipo leithi ya Leithi_na_Pedi inapoingia. Diski ina 21.3 na mwisho ni 20. Ukichonga 0.1 hadi 0.15 kila uso utabaki na kama 21, nafasi ipo ya kutosha. Chonga za pande zote mbili, ili nyuso zishike sawa na gari lisivute upande. Hakuna haja ya kununua diski mpya.

Ila usifunge kabla ya kushughulikia pedi zako za kushoto. Ya ndani 5.5 na ya nje 7 maana yake kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, haitelezi. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, na kalipa ilipaswa kuteleza kwenye pini zake ili ivute ya nje. Pini imekwama, pedi ya ndani inafanya kazi peke yake na haiachii vizuri. Hilo limeharakisha ulaji wa diski. Chomoa pini zote mbili za kila kalipa, futa grisi ya zamani, sugua kutu kwa msasa laini. Pini yenye mashimo ya kutu ibadilishwe. Paka grisi ya breki ya silikoni au ile ya sintetiki inayoruhusiwa kwa mpira, tabaka jembamba. Grisi ya kawaida ya petroli inavimbisha mpira na pini inakwama tena baada ya muda mfupi. Angalia pia kama pini moja ina bushi ya mpira kwenye ncha. Hiyo irudi kwenye tundu lake, kwa kuwa pini mbili za kalipa moja mara nyingi hazifanani. Ning'iniza kalipa kwa waya, isiachwe ikining'inia kwa bomba lake la mpira.

Pistoni nayo irudishwe taratibu kwa klempu. Ikigoma au ikirudi kwa kukwamakwama, hapo ni matengenezo ya kalipa, pini peke yake hazitatosha.

Leithi_na_Pedi

Kwenye pedi, kwa tofauti ya 5.5 na 7, mimi ningeweka seti mpya ya mbele. Pedi iliyolika mshazari juu ya diski iliyochongwa inashika sehemu tu, inapata joto hapo na kuacha alama. Za kulia zingeweza kusuguliwa kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo zikarudi, lakini pedi hubadilishwa kwa ekseli nzima.

Diski zikitoka kwenye leithi, zioshe kwa maji ya moto na sabuni, uzikaushe. Vumbi la chuma lililobaki kwenye vinyweleo linaingia kwenye pedi mpya, na watu wengi hufuta kwa kitambaa kikavu wakadhani yameisha.

Kufunga: uso wa habu uwe mkavu na safi, kusiwe na grisi katikati ya habu na diski, maana grisi inakusanya uchafu na kubeba diski. Weka diski kwenye tundu lile ulilopata 0.03, pima tena kwa geji kabla ya kufunga kalipa. Ikiwa chini ya 0.05, endelea. Gurudumu liingie nati zikizungushwa kwa mkono mpaka mwisho, kaza kidogo kwa mpangilio wa nyota tairi likiwa hewani, kisha nusu ya torki, kisha shusha gari na umalizie Nm 103, nyota tena. Baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia kukagua.

Kabla ya kuondoa gari, pampu pedali mpaka iwe ngumu. Pistoni ulizirudisha nyuma, kwa hiyo mkanyago wa kwanza utazama hadi sakafuni, na gari likiwa kwenye mwendo hiyo ni hatari kubwa. Kagua na kiwango cha mafuta ya breki.

Kisha zizoeshe pedi. Barabara tupu, kutoka 60 punguza hadi 15 kwa mguu wa wastani, mara 8 hadi 10, ukiacha kama nusu dakika katikati, bila kusimama kabisa. Ukisimama diski ikiwa ya moto na mguu umebaki kwenye pedali, pedi inachapa umbo lake kwenye diski, na hiyo alama inatikisa gari kama vile unene usiolingana. Ukimaliza, endesha dakika 10 bila kugusa breki kadiri inavyowezekana.

Safari_Ndefu

Nimeelewa. Swali moja: siku nikibadilisha matairi tena, au nikirekebisha pancha tu, niwaambie nini wanaofunga ili hili lisirudi?

Mizani_ya_Gurudumu

Waambie watumie bunduki kulegeza tu, na kukaza wamalizie kwa spana ya torki mbele yako. Wasafishe mgongo wa rimu na uso wa diski kwa brashi ya waya kabla ya kurudisha gurudumu. Na kwa kuwa diski zako hazina skrubu, gurudumu likitoka tu, rudisha nati mbili kwa mkono ukiweka washa, ziibane diski isilegee wakati tairi liko kwenye mashine. Mwenye gari anaweza kufanya hivyo mwenyewe bila kumsumbua fundi.

Fundi_Torki

Na hiyo fimbo maalumu ya torki inayofungwa mbele ya bunduki ya upepo isikuridhishe kabisa. Inapunguza hatari ya kukaza kupita kiasi, lakini torki inayotoka inategemea nguvu ya bunduki, shinikizo la kompresa na muda ambao mtu ameshika kifyatulio. Spana inayobofya imalizie.

Ukishafunga, tupe kipimo cha geji na jinsi usukani ulivyo kwenye 100.